Vijineno vya Kiingereza vinavyowachanganya watoto darasani na wazazi kwenye chupa ya dawa

"For", "in" na "at" ni miongoni mwa maneno mafupi kabisa katika Kiingereza. Mtoto wa darasa la tano huyaandika karibu kila siku, na mara nyingi daftari lake hurudi nyumbani likiwa limezungushiwa duara jekundu mahali yalipokosewa. Mzazi akiliona duara hilo hudhani ni kosa la alama moja au mbili tu, kisha hufungua ukurasa unaofuata.

Maneno hayo hayo humsubiri mzazi kwenye chupa ya dawa, kwenye pakiti ya ORS na kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la vidonge. Chupa moja imeandikwa "for 7 days", nyingine "within 7 days". Anayesoma haraka huona siku saba tu na kudhani zote mbili zinasema jambo moja. Ukweli ni kwamba zinasema mambo mawili tofauti, na hapo kinachoguswa ni afya ya mtoto wala si alama za mtihani.

Katika sarufi maneno haya huitwa vihusishi. Huonyesha kitu kiko wapi, kinaelekea wapi, jambo linafanyika lini, kwa muda gani, kwa kutumia nini au kwa ajili ya nani. Watoto wengi huvikosea, na hata watu wazima waliosoma sekondari nzima kwa Kiingereza bado huvikosea. Chanzo chake si uzito wa kichwa. Kiswahili hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia tofauti kabisa, na mtoto hubeba njia ya nyumbani kwenda nayo darasani.

Kiswahili huweka mwelekeo kwenye kitenzi

Chukua sentensi mbili: "Nimeweka dawa kwenye kabati" na "Nimetoa dawa kwenye kabati." Neno "kwenye" halikubadilika, lakini katika sentensi ya kwanza dawa imeingia na katika ya pili imetoka. Msikilizaji amelijua hilo kutokana na vitenzi "weka" na "toa".

Kiingereza hutaka tofauti hiyo ionekane pia kwenye kihusishi: "I put the medicine in the cupboard", lakini "I took the medicine from the cupboard." Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili huona "kwenye" ni moja, hivyo huandika "in" mara zote mbili. Matokeo yake ni "I took the medicine in the cupboard", na kwa kuwa "take medicine" kwa Kiingereza ni kunywa dawa, msomaji anaweza kuelewa kwamba mtoto ameinywa dawa iliyokuwa kabatini.

Neno "kwa" lina kazi nyingi zaidi. Tunasema kwa siku tatu, mara tatu kwa siku, meza kwa maji, dawa ya kunywa kwa mdomo, nenda kwa daktari. Kiingereza hutumia neno tofauti karibu kila mahali: "for three days", "three times a day", "with water", "by mouth", "to the doctor". Neno letu moja limegawanyika mara tano, na mtoto anatakiwa achague lililo sahihi huku muda wa mtihani unakwenda.

Hali ni hiyo hiyo kwa "ya" na ndugu zake. Dawa ya homa, chanjo ya surua na maumivu ya mgongo zote zina "ya". Mtoto huandika "medicine of fever" na "vaccine of measles". Kiingereza husema "medicine for fever" na "vaccine against measles", au "measles vaccine" bila kihusishi chochote.

Mzazi akishaelewa hili, hasira hupungua. Kosa la mtoto linaonyesha kwamba Kiswahili chake kimekaa sawa. Kinachobaki ni kumfundisha kwamba Kiingereza kina desturi zake.

Siku saba zisizofanana

Kihusishi "for" hupima urefu wa muda. Chupa ikisema "Take for 7 days", mgonjwa anywe dawa kwa siku saba mfululizo, hata kama amepata nafuu siku ya tatu. Mfano mzuri ni vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayeharisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee hata kuhara kukikoma mapema.

"Within" huweka mpaka. Antibiotiki nyingi za watoto huja kama unga ndani ya chupa, kisha huongezwa maji. Zikishachanganywa hudumu muda mfupi, mara nyingi siku 7 au 14 kutegemea aina ya dawa. Maneno "Use within 14 days" yanahusu chupa. Yanasema dawa itumike kabla ya siku hizo kwisha, na baada ya hapo isitumike tena. Hayamwambii mzazi ampe mtoto dawa kwa wiki mbili.

Mzazi akichanganya "within" na "for", anaweza kumpa mtoto dozi ndefu kuliko aliyoandikiwa. Asipouelewa mpaka huo kabisa, anaweza kuitunza chupa iliyobaki na kumpa mtoto mwingine mwezi unaofuata, wakati dawa imeshapoteza ubora.

Kuna pia "by" na "until", ambazo kwa Kiswahili zote hutafsiriwa "hadi" au "mpaka". "Take until Friday" ni kuendelea kunywa siku zote hadi Ijumaa. "Come back by Friday" ni kurudi Ijumaa au siku yoyote kabla yake. Katika mfano wa kwanza jambo linaendelea. Katika wa pili linafanyika mara moja, ila lisichelewe.

"In" yenye sura nyingi

Hakuna kihusishi kinachodanganya kama "in". Kwenye pakiti ya ORS ya kiwango cha kawaida huandikwa kwamba unga wote uyeyushwe "in 1 litre of water", yaani ndani ya lita moja ya maji safi. Hapo "in" ina maana ya ndani, kama mtoto alivyofundishwa. Kipimo hicho si cha kubahatisha, kwa sababu maji yakiwa machache mchanganyiko huwa na chumvi kupita kiasi na unaweza kumdhuru mtoto, na yakiwa mengi mno haumsaidii inavyotakiwa. Zipo pia pakiti ndogo zinazohitaji maji machache zaidi, hivyo kipimo kisomwe kwenye pakiti yenyewe.

Kwenye vidonge vya watoto, "in water" na "with water" ni vitu viwili. "Disperse in water" maana yake kidonge kiwekwe majini kiyeyuke kwanza, ndipo mtoto anywe. "Swallow with water" maana yake kidonge kimezwe kikiwa kizima na maji ya kukisukumia. Kiswahili cha haraka husema "mpe na maji" kwa vyote viwili, na mtoto mdogo anaweza kupaliwa na kidonge ambacho kilipaswa kuyeyushwa.

Kisha kuna "in" ya muda. Boksi la parasetamo huonya kwamba zisizidi dozi nne "in 24 hours". Maana yake ni ndani ya saa 24, na saa hizo huanza kuhesabiwa tangu dozi ya kwanza. Mtoto aliyepewa dozi ya kwanza saa 12 jioni Jumatatu, hesabu yake inakwenda hadi saa 12 jioni Jumanne. Usiku wa manane ukipita, dozi hazianzi kuhesabiwa upya.

Lakini daktari akiandika "Come back in two weeks", hakusudii ndani ya wiki mbili. Anakusudia wiki mbili zikipita. Angetaka mgonjwa arudi siku yoyote kabla ya wiki mbili kwisha, angeandika "within two weeks". Mtoto aliyefundishwa kwamba "in" ni "ndani ya" atatafsiri vibaya, na hata mtu mzima anaweza kwenda kliniki siku ya tatu au ya nne na kuambiwa arudi nyumbani.

Saa nane ya nani?

Hapa Mswahili ana mtego wake wa peke yake. "At 8" kwa Kiingereza ni saa mbili kwa hesabu yetu, iwe asubuhi au usiku. "Every 8 hours" ni kila baada ya saa nane. Tarakimu ni ile ile, na kinachoitofautisha ni maneno yanayoizunguka.

Dawa mseto ya malaria, ALu, inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, na zinazofuata hutolewa asubuhi na jioni kwa siku mbili zaidi, hivyo jumla huwa dozi sita ndani ya siku tatu. Mtoto aliyepewa dozi ya kwanza saa nne asubuhi atapewa ya pili saa 12 jioni. Anayesoma "after 8 hours" akachukua ile tarakimu peke yake na kumpa dawa saa nane mchana, atakuwa amempa baada ya saa nne tu.

Dawa hiyo hiyo hushauriwa itumike "with food", yaani pamoja na chakula, na hufanya kazi vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo au ikinywewa na maziwa. Dawa nyingine huandikwa "on an empty stomach". Hapo "on" haina uhusiano na juu ya tumbo. Ni msemo mzima wenye maana ya tumbo likiwa tupu, kwa kawaida saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Misemo ya aina hii haitafsiriwi neno kwa neno, huhifadhiwa ilivyo.

Kifuani ni juu au ndani?

Mtoto akisema "nina kitu kifuani", mama humuuliza kama kinauma au kinawasha. Kiambishi "-ni" hakisemi kama kitu kiko juu ya ngozi au ndani ya mwili. Kiingereza hulazimisha kuchagua. Vipele viko "on the chest". Maumivu yako "in the chest". Mafuta hupakwa "on the skin", na matone hutiwa "in the ear".

Tofauti hii humkuta Mtanzania anapojaza fomu ya afya kwa Kiingereza, anapomwandikia mtaalamu wa nje, au anapompeleka mgonjwa India kwa matibabu na hakuna wa kumtafsiria. Ni vizuri mtoto ajifunze mapema misemo michache ya mwili na maradhi: "allergic to" kwa anayedhurika na dawa au chakula fulani, "suffering from" kwa anayeugua, na "sick with malaria" kwa mwenye malaria. Akiandika "I am sick of malaria", msomaji ataelewa kwamba amechoshwa na habari za malaria.

Muda wa kuugua nao huchanganya. "Since" huenda na mwanzo wa jambo, na "for" huenda na urefu wake. Mtoto anatapika "since Monday", au ametapika "for two days". Kusema "since two days" ni kutafsiri "tangu siku mbili zilizopita", na ni kosa linalosikika sana.

Vinavyosahauliwa na vinavyoongezwa

Kiswahili kina uwezo wa kuficha kihusishi ndani ya kitenzi. Nisubiri, nisikilize, niangalie na nieleze ni maneno mamoja mamoja yaliyokamilika. Ndiyo maana watoto huandika "wait me", "listen me", "look me" na "explain me". Kiingereza husema "wait for me", "listen to me", "look at me" na "explain to me".

Vivyo hivyo kwa vitenzi kama nipikie, nisomee na ameniibia. Katikati ya neno kuna sauti inayobeba "kwa ajili yangu", "kwangu" au "kutoka kwangu". Kwa Kiingereza mzigo huo hutolewa nje: "cook for me", "read to me", "he stole from me".

Upande wa pili, kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo tayari vimebeba kihusishi ndani yake, na mtoto huviongezea kingine. "Discuss" tayari ni kuzungumza kuhusu jambo, hivyo "discuss about" ni kurudia. Husemwa "discuss the matter". "Emphasize on" hutokana na "sisitiza juu ya", lakini husemwa "emphasize the point". "Reach" haihitaji "at": mtu "reaches home". "Marry" haihitaji "with", ingawa Kiswahili husema kuoana na mtu. Na kitenzi "request" hakihitaji "for", japo jina lake hulihitaji: "they requested help", lakini "a request for help".

Maneno ya wakati nayo yana mpangilio rahisi kukumbuka. Saa huenda na "at", siku huenda na "on", mwezi na mwaka huenda na "in": "at noon", "on Monday", "in May", "in 2025". Husemwa "in the morning", lakini "on Monday morning", na usiku ni "at night". Penye "last", "next", "this" au "every" kihusishi huondoka. "On next Monday" ni kuweka mawili mahali pa moja.

Kurudia kusikohitajika

Kosa linaloandamana na vihusishi ni kurudia. Mtoto huandika "My mother she is cooking", na mwalimu hukata "she". Kosa hili nalo limetoka kwenye Kiswahili sahihi. Tunasema "Mama anapika", na ile "a" ya mwanzo inamtaja mama mara ya pili. Mtoto akitafsiri kipande kwa kipande, anapata "mother" na "she" pamoja.

"The book which I bought it" hutokana na "kitabu nilichokinunua", ambapo kitabu kimetajwa mara tatu katika maneno mawili na hakuna kilichokosewa. Kiingereza hutaja mara moja na kunyamaza: "the book which I bought". Kosa la namna hiyo hugusa vihusishi pia. "The house in which I live in" ina "in" mbili kwa kazi moja. Iandikwe "the house in which I live" au "the house I live in".

"Although it was raining, but we went" hutokana na "Ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda." Kiswahili hukubali "ingawa" na "lakini" zishikane mikono. Kiingereza huchagua moja. "Return back" na "repeat again" nazo hujirudia, kwa kuwa "return" tayari ni kurudi na "repeat" tayari ni kufanya tena.

Kisha kuna kurudia kunakochosha tu ijapokuwa si kosa la sarufi. Insha ya mtoto inaweza kusomeka hivi: "My mother went to the market. At the market my mother bought tomatoes. My mother came back from the market at noon." Kila sentensi peke yake iko sawa, lakini "my mother" na "market" zimetajwa mara tatu tatu. Akifundishwa kuunganisha, ataandika: "My mother went to the market and bought some tomatoes. She came back at noon." Amepunguza maneno na hakuna habari iliyopotea.

Tahadhari moja inahitajika. Maneno mawili yakitumia kihusishi kile kile, kimoja kinatosha: "afraid of snakes and dogs". Yakitumia tofauti, vyote vibaki: "She is fond of and good at mathematics." Mtoto akiondoa "of" kwa hofu ya kurudia, atakuwa ameharibu sentensi.

Mzazi afanye nini nyumbani

Jambo la kwanza ni kuacha kumfundisha mtoto kihusishi kikiwa peke yake. Swali "at maana yake nini?" halina jibu moja. Afundishwe kihusishi pamoja na jirani yake, kama anavyojifunza jina la mtu na la baba yake: "good at", "afraid of", "depend on", "interested in", "listen to". Misemo mitano kwa wiki, iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani karibu na meza ya kusomea, inatosha.

La pili ni kutomkatiza kila anapokosea akiongea. Mtoto akisema "I am waiting you", mzazi anaweza kumjibu kwa umbo sahihi, "You are waiting for me? I am coming", na maongezi yakaendelea. Mtoto anayechekwa kila akifungua mdomo huacha kuufungua.

La tatu ni mchezo wa kufunika. Mzazi achague aya fupi kwenye kitabu cha hadithi, afunike vihusishi kwa kidole au kipande cha karatasi, na mtoto akisie kabla ya kufunua. Mchezo huu unachukua dakika kumi na unaweza kufanywa hata na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri, kwa sababu jibu liko chini ya kidole.

La nne ni kusoma kwa sauti insha iliyokwisha kuandikwa. Jicho huruka marudio, sikio huyakamata. Mtoto akisikia "my mother" kwa mara ya tatu, mara nyingi atajirekebisha mwenyewe.

La tano ni kamusi. Kamusi za Kiingereza zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha hiyo huonyesha kila neno pamoja na kihusishi chake na mfano wa sentensi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuzoea kuangalia humo kabla ya kukisia.

Na Kiswahili kisiachwe. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili fasaha nani alifanya nini, wapi, lini na kwa kutumia nini, tayari ana maana kichwani. Anachotafuta ni neno la Kiingereza la kuibebea.

Dukani, kurudia ni busara

Yote yanayokatazwa kwenye insha kuhusu kurudia yawekwe kando mzazi anapofika kwenye dirisha la dawa. Pale kurudia kunalinda maisha ya mtoto.

Mzazi ana haki ya kuomba aelezwe kwa Kiswahili, awe yuko zahanati, hospitali au kwenye duka la dawa muhimu. Bahasha ikiandikwa "1x3", aulize: kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kila baada ya saa ngapi, kabla ya kula au baada ya kula, kwa siku ngapi? Chupa ya unga ikichanganywa, aulize pia itumike mwisho tarehe gani, na tarehe hiyo iandikwe kwenye chupa kwa kalamu.

Kisha arudie maelezo yote kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya mtoa dawa: "Kwa hiyo nampa kijiko hiki kimoja asubuhi, mchana na usiku, akishakula, kwa siku tano, na dawa ikibaki siitunzi." Palipokosewa patarekebishwa hapo hapo. Wahudumu wa afya sehemu nyingi duniani hufundishwa kumwomba mgonjwa afanye hivyo, na mzazi hana sababu ya kusubiri aombwe.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana hawajasoma. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na aliyemaliza chuo kikuu anaweza kuchanganywa na "within" sawa na aliyeishia darasa la saba. Mtoto wa sekondari aliye nyumbani anaweza kukabidhiwa boksi jipya la dawa asome kwa sauti na kutafsiri, huku mzazi akilinganisha na aliyoambiwa dukani. Wakitofautiana kwa neno hata moja, dawa isubiri na mtoa dawa apigiwe simu kwanza.